MJADALA: Mwalimu wa elimu maalumu aruhusiwe kusomea uzamili wa tiba ya usemi?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hoja ninayoileta ni hii. Mwenye shahada ya elimu maalumu, isimu, saikolojia au uuguzi afunguliwe njia ya kusoma uzamili wa miaka 2 na kutoka akiwa mtaalamu kamili wa tiba ya usemi na lugha, au kazi hiyo ibaki kwa walioianza tangu shahada ya kwanza? Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu hapa Mtwara mjini, na nasema njia ifunguliwe.

MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina shahada ya kwanza inayounganisha usikivu na usemi. Makerere, Uganda, walianza ya kwao mwaka 2008. Sizibezi hata kidogo. Lakini wataalamu bado ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Upasuaji wa mdomo sungura unaweza kumalizika kwa safari moja. Mtoto aliyeshonwa kaakaa ambaye sauti bado inamtokea puani anataka mazoezi wiki baada ya wiki, miezi mingi, na mzee aliyepotelewa na maneno baada ya kiharusi ni hivyohivyo. Nauli hiyo hailipiki hata korosho ikipata bei nzuri.

Uingereza mwenye shahada ya isimu au saikolojia hupokelewa uzamili wa miaka 2, hufanya mafunzo kwa vitendo hospitalini na shuleni, kisha husajiliwa na baraza. Bila usajili haruhusiwi kisheria kujiita mtaalamu wa tiba hiyo. Chuo Kikuu cha Ghana nacho kinafundisha fani hii katika ngazi ya uzamili.

Kwangu mimi zito kuliko yote ni lugha. Vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza havijui ngeli. Mtoto wa Kiswahili anakua akijifunza kupatanisha: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, ukuta umebomoka. Akichelewa mno kuliko wenzake hapo, ni dalili. Ila mtoto wa Newala aliyelelewa kwa Kimakonde, akaingia darasa la awali akiweka l mahali pa r, huyo hana ugonjwa wa kutibiwa. Wa kuwatenganisha hawa wawili ni mtu ambaye sikio lake limezoea Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Watu hao tunao, wako mashuleni, na shahada zao wanazo tayari.

Muuguzi, Lindi: Mwalimu, nakuheshimu lakini nakataa. Kazi hii si matamshi peke yake. Mgonjwa wa kiharusi akinyweshwa uji bila kupimwa anavyomeza, uji unaweza kuingia mapafuni, akapata nimonia, akafa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye yumo hatarini. Mtu wa isimu hajawahi kufungua kitabu cha anatomia, halafu baada ya miaka 2 tumkabidhi wodi? Na akishapata uzamili wake, nani atamrudisha Kusini?

Mwalimu, Mtwara: Dada, suala la kumeza ndilo linalonifanya nikatae kozi za harakaharaka. Asiye na msingi wa afya aanze na anatomia, fiziolojia na mfumo wa fahamu, na asiyefaulu aishie hapo. Mafunzo kwa vitendo yafanyike hospitali zetu za Kusini: Ligula, Sokoine, Ndanda na Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, wasimamizi waje kwa awamu. Asimguse mgonjwa wa kumeza bila msimamizi. Kuhusu kurudi: mtu mwenye nyumba Masasi, watoto wake wanasoma Masasi, na mwajiri ndiye aliyempa ruhusa ya masomo, ana sababu nyingi za kurudi kuliko kijana ambaye hajawahi kuvuka Rufiji.

Mzazi, Nachingwea: Mnabishana shahada. Mtoto wangu nashinda naye mimi, mtaalamu atamwona mara ngapi kwa mwezi? Nifundishwe mimi. Wahudumu wa afya wa vijijini wapewe mafunzo mafupi, yatufikie haraka.

Mwalimu, Mtwara: Mzazi mwenzangu, kufundishwa ni haki yako, na tiba nzuri ya mtoto hufanyika nyumbani. Lakini huyo mhudumu naye atafundishwa na nani? Wazazi wangapi wameambiwa "subiri, atasema tu", miaka ikapita, kumbe mtoto hasikii? Ndiyo maana nataka kila wilaya iwe na mtu mmoja mwenye ujuzi kamili, wahudumu na wazazi wawe chini ya mkono wake.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni ajira. Mwalimu akihitimu, atahamishiwa kada ya afya? Mshahara na cheo alichokwisha kupanda vitalindwa? Asipopewa nafasi kwenye ikama ya hospitali atarudishwa kushika chaki, na ujuzi wote utapotea. Kama humu yupo mtu wa utumishi, wa halmashauri yoyote, atueleze ingewezekanaje.