Mrejesho: bei za stika za kukata na kuprinti

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza stika za kukata, yaani herufi ambazo mashine inazikata kwenye stika ya rangi bila kuprinti, nitoze kwa mita ya mraba kama mabango, au kwa kipande. Wengi mlisema nitenganishe bei zake na za kuprinti, nami nimetenganisha.

Za kuprinti zimebaki kwa mita ya mraba, ila napigia hesabu upana wote wa roli ya stika. Kazi ya sentimita 70 kwenye roli ya 122 inaacha 52 pembeni. Nisipopata kazi nyingine ya kupachika hapo, mteja anazilipia.

Iliyokuwa inaniumiza ni ya kukata. Juzi kaja dereva wa bajaji, anataka sentensi ndefu kioo cha nyuma, herufi ndogondogo. Stika yenyewe inayotumika si kitu. Kazi ni kuinama na sindano unachomoa matumbo ya a, e na o moja moja, halafu ubandike karatasi ya kuhamishia herufi hadi kwenye kioo. Sasa muda huo una bei yake, na kuchora upya nembo iliyotumwa WhatsApp ikiwa ukungu mtupu, vilevile.

Jamaa alinung'unika, akapunguza maneno yakabaki matatu, akalipa. Wale wa “shusha bei uvute wateja”, hapo mnisamehe, sijawafuata.