Kepu imejaa na maskauti wananichanganya kwenye Eastside Hockey Manager, msaada wakuu

Mtelezo_Tz
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye Eastside Hockey Manager, gemu la kuendesha klabu ya hoki ya barafu, nimeweka data ya msimu wa 2025-26 ambapo kepu (kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji wa timu) kwenye NHL, ligi kuu ya hoki Marekani na Kanada, ni dola milioni 95.5. Timu niliyochukua ni ya kati tu na kompyuta ilishaijaza mikataba mirefu kabla sijafika, nimebakiwa na kama milioni moja na nusu na senta wangu (mshambuliaji wa kati) wa miaka 21 mkataba wake wa kwanza unaisha kiangazi hiki. Kuna winga wa laini ya tatu ana miaka 29, anakula milioni 4 kwa mwaka na bado ana miaka mitatu, kufunga hafungi kukaba hakabi, nawaza nimvunjie mkataba aende zake. Na kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, ndo balaa, kuna beki wa Kifini skauti (mtafuta vipaji) mmoja anasema huyu atakuja kuwa beki wa jozi ya kwanza, mwingine anasema hatavuka ligi ya chini. Nimsikilize nani? Bosi naye kabana bajeti kwa hiyo nafikiria kufukuza maskauti wawili nipate hela ya kumbakiza senta.

KipaWaBarafu
Mkuu usifukuze skauti kwa sababu hiyo! Mshahara wa skauti hauingii kwenye kepu, kepu inahesabu wachezaji tu. Hata ukifukuza wote nafasi ya senta haiongezeki hata senti, utakuwa umejipofusha bure. Mimi naona skauti ndo mtu wa bei rahisi kuliko wote kwenye klabu, maana akikupatia dogo mzuri wa drafti, huyo dogo anasaini mkataba wa miaka mitatu ambao ukiacha bonasi unazunguka dola milioni moja tu kwa mwaka. Sasa linganisha na winga wako wa milioni 4.

Kuhusu hao wawili wanaopingana, fungua ukurasa wa kila mmoja uangalie namba zake, ziko kwenye 1 mpaka 20. Kuna ya kupima uwezo wa sasa na kuna ya kupima kipaji cha baadaye, ni vitu viwili tofauti na wengi wanavichanganya. Kwa dogo wa miaka 18 msikilize mwenye kipimo kikubwa cha kipaji cha baadaye, yule mwenye uwezo wa sasa mpe kazi ya kuangalia wachezaji wa NHL unaotaka kubadilishana na timu nyingine. Halafu mtume wa tatu kwa huyo Mfini peke yake, usimtume "Ulaya" kwa ujumla.

Kwenye drafti halisi timu ya Detroit walimpata Datsyuk akiwa chaguo namba 171 mwaka 1998 na Zetterberg namba 210 mwaka 1999, na skauti wao wa Ulaya alikuwa Håkan Andersson, mtu aliyekaa kulekule anaangalia vijana ambao wengine hawakuhangaika nao. Mwaka 2008 wote wawili wakabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL. Huwezi kupata kitu kama hicho ukiwa na maskauti wawili wanaokimbizwa dunia nzima.

Mbongo_Alberta
Hilo gemu sichezi ila hoki naifuatilia sana huku Kanada, ngoja nikupigie hesabu ya winga kwa sheria za NHL yenyewe. Ukimvunjia mkataba mchezaji wa miaka 26 na kuendelea unamlipa theluthi mbili ya kilichobaki, na malipo yanagawanywa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki. Kwako imebaki milioni 12, theluthi mbili ni 8, kwa miaka sita, yaani milioni 1.33 inakaa kwenye kepu kila mwaka mpaka mtu mwenyewe umeshamsahau. Kumshusha ligi ya chini nako hakusaidii sana, msimu wa 2025-26 kwenye kepu inatoka milioni 1.15 tu, 2.85 inabaki palepale. Bora umpe timu nyingine ukubali kubeba nusu ya mshahara, ni milioni 2 kwa miaka mitatu basi, jumla 6 badala ya 8. Kama gemu linaruhusu fanya hivyo hata kama utaongezea pick (zamu yako ya kuchagua kwenye drafti) ya raundi ya tatu juu.

Na usichelewe kwa senta. Agosti 2024 timu ya Edmonton walikuwa wamebanwa na kepu, wenzao wa St. Louis wakaja na ofa za mkataba kwa madogo wao wawili walioishiwa mikataba, siku moja, Broberg milioni 4.58 kwa mwaka na Holloway 2.29. Edmonton wakashindwa kulingana nazo, wakaishia kupewa fidia ya pick ya raundi ya pili na ya tatu. Huku mtaani watu waliumia kweli, Broberg alikuwa pick yao namba 8.

Mtelezo_Tz
Aisee sikujua maskauti hawaingii kwenye kepu. Mwenye kipimo kikubwa cha kipaji ndo yule anayemsifia Mfini, ana 17, mwenzake ana 9. Senta nimpe mkataba mrefu au mfupi?

Simba_wa_Rinki
Mimi ni wa Nairobi, hoki nimeijulia kwenye uwanja wa barafu wa Panari kwa timu ya Ice Lions. Senta wa miaka 21 kama maskauti wako wanakubaliana kwamba bado anapanda mpe miaka minane sasa hivi, kepu yenyewe imeshatangazwa kupanda mpaka milioni 104 msimu wa 2026-27, hela inayoonekana nyingi leo baada ya misimu miwili itakuwa ya kawaida. Wakiwa na mashaka mpe miwili, lakini ujue akiwaka atakuja na bei nyingine kabisa.

KipaWaBarafu
Naunga mkono minane. Na Mfini mchukue, 17 kwa 9 hapo hakuna ubishi. Ila kabla ya drafti weka hapa picha ya mikataba yako yote ya mabeki, nahisi winga si yeye peke yake anayekumaliza.