Port Harcourt au Warri: nihamie wapi na familia?

Mchomeleaji_Kgm:
Wakuu, nimepata mkataba wa miaka miwili wa kuchomelea mabomba Nigeria, kule kwenye mafuta. Naruhusiwa kukaa Port Harcourt au Warri. Nina mke na mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Mliokaa huko nisaidieni.

Binti Mto:
Njoo Port Harcourt kaka. Mji ulianza kujengwa 1913 ili makaa ya mawe ya Enugu yapate bandari. Mafuta yalipopatikana kijiji cha Oloibiri 1956, watu wakamiminika. Alfajiri nenda soko la Creek Road uone boti zikishusha samaki. Jioni mama muuza bole anageuza mzuzu juu ya mkaa mpaka ubabuke, anamwagia mchuzi wa mawese, pilipili na vitunguu, samaki wa kuchoma pembeni. Mwaka wa sita huu, sijaichoka.

Fundi Baharia:
Dada, umesahau masizi. Yalipoanza mwishoni mwa 2016 nilikuwa nafuta dirisha asubuhi, jioni nikipitisha kidole kinatoka cheusi. Nguo nyeupe tuliacha kuanika nje. Watu wanachemsha mafuta ghafi ya wizi huko mikokoni, na askari wakiwafuma wanayatia moto palepale. Mwenye pumu usimlete huku.

Binti Mto:
Hapo sibishi. Mtoto wangu alikohoa mwezi mzima.

Mzee wa Effurun:
Warri ni mdogo, na watu wake wacheshi mno. Wachekeshaji wengi wa Nigeria wametoka hapa. Kuna Waitsekiri, Waurhobo na Waijaw, kwa hiyo sokoni ni Pijini, Kiingereza cha mchanganyiko, na watoto wengi wameanza nayo kuongea. Mkeo ataishika upesi. Chakula ni usi, ugali wa wanga wa muhogo uliotiwa mawese ukawa wa njano, kwa mchuzi wa chikichi. Ila sikufichi: kuanzia 1997 mpaka 2003 makabila haya yalipigana vibaya, makampuni yakahamisha ofisi, na mji bado unaliona pengo hilo. Moshi nao upo, huku jimbo la Delta pia wanachemsha mafuta ya wizi, lakini kwangu sijawahi kufuta masizi mezani.

Mchomeleaji_Kgm:
Asanteni sana. Mama watoto ni wa Ujiji, kusikia mchuzi wa chikichi kafurahi. Tunakwenda Warri. Bole nitaifuata kwa Binti Mto wikiendi.

Binti Mto:
Karibu kaka. Toka mapema, East-West Road, barabara ya kutoka Warri kuja huku, ina mashimo, usiku usiisafirie. Na dawa ya mtoto ya kupuliza msiisahau.