Mada: Shangazi anataka kufia nyumbani, Fast Track imerudishwa

Binti Ukerewe, Reading, Uingereza:
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Shangazi (yule wa saratani ya kongosho, mlimchangia) hospitali wamesema hawana zaidi cha kufanya, kwenda hospisi (kituo cha wagonjwa wa mwisho) kagoma, anataka kufia humu humu kwangu. Daktari kajaza Fast Track (fomu ya kuharakisha matunzo kwa anayekaribia mwisho), leo ofisi ya CHC (matunzo yanayolipiwa na NHS, afya ya serikali) wameirudisha eti wanataka DST (ile tathmini ndefu) kwanza maana "bado anatembea". Kitanda kimekuja, mlezi wa usiku hakuna, mimi zamu nimeshaacha. Swali: wakikubali, kwenye PHB (bajeti ya matunzo anayopangiwa mgonjwa mwenyewe) ndugu anayekaa nyumba moja na mgonjwa anaweza kulipwa au lazima ajensi?

Mama wa Pasiansi, Leeds:
Pole sana mwanangu. Mwambie GP (daktari wenu wa mtaani) ajaze DS1500, ile fomu ya posho ya mgonjwa wa mwisho, kwa marehemu mzee wangu ilitoka chap na hela ikaanza kuingia, ila mlezi wa usiku ndo sikupata kabisa, nikawa nalala kwenye kochi na simu mkononi mpaka mgongo ukaisha na mpaka leo unauma baridi likianza.

Nesi wa Nyakato, Birmingham:
Shikamoo mama, ila DS1500 haipo tena, ni SR1, na muda unaokadiriwa mgonjwa amebakiza si miezi 6 tena, ni 12. Halafu hiyo ni ya posho za wagonjwa na walemavu, AA na PIP, haileti mlezi, tusimchanganye mtoto wa watu.

Mdogo wangu, Fast Track ikishasainiwa na daktari au nesi anayemhudumia, ofisi inatakiwa iikubali na ianze kazi hapo hapo. DST haihusiki, kutembea hakuhusiki, kinachoangaliwa ni hali inashuka haraka na huenda anaingia mwisho. Waambie waandike sababu. Na dawa za akiba ziwe ndani kabla ya wikendi, morfini, midazolamu na ile ya kukausha makohozi, pamoja na karatasi ya kumruhusu nesi azichome, la sivyo Jumamosi saa nane usiku utazunguka kutafuta famasi. DNACPR (karatasi ya kutomfufua moyo ukisimama) iweke mahali panapoonekana, ambulansi wasipoiona wataanza kumkandamiza kifua.

Mtoto wa Mabatini, Glasgow:
Huku Scotland CHC hakuna. Kwani kwa nini msimrudishe tu? Akae Nansio, Ukerewe, aangalie ziwa, ale sato wa kuchemsha, watu wamejaa kwenye mikeka. Siku hizi hata daraja lipo.

Nesi wa Nyakato:
Daraja linaenda Sengerema kaka, Nansio bado unapanda meli. Na ndege haimbebi mgonjwa wa hivyo bila MEDIF, fomu ya daktari ya shirika la ndege. Dada kasema anataka HAPO.

Mtoto wa Mabatini:
Najua linapoenda, usinifundishe kwetu. Hoja yangu shangazi alishachukua pasipoti ya hapa, kwa hiyo kwenda kufa kwao aombe viza ya dola 50. Tumelia uraia pacha miaka yote, wakatuletea hadhi maalumu tu, si uraia. Hela tunazotuma mbona haziombwi viza?

Kaka wa Igoma, Mwanza:
Mwangaluka. Mi niko huku huku. Huku wengi wanafia nyumbani kwa sababu hela ya wodi imeisha, hakuna aliyejaza fomu. Mama mdogo alikuwa hivyo, watu walijaa kweli, majirani wanaleta uji, kwaya wanaimba mpaka usiku, lakini dawa ya maumivu ilikuwa panado, morfini mpaka umfikishe hospitali kubwa na yeye alikuwa habebeki tena. Alilia siku zote zile. Mwenye kongosho abaki hapo penye dawa, hayo ya ziwa mwonyesheni kwenye simu.

Mama wa Pasiansi:
Kwaya! Sisi tuliimba mara moja tu jirani akagonga ukuta. Na mzee wangu pasipoti ya hapa aliikataa mpaka mwisho, foleni za viza zote alipanga, mwanangu wa Mabatini usinichokoze.

Binti Ukerewe:
Asanteni. Nesi, nimewaandikia, dawa zinafika kesho. Hiyo ya PHB bado sijaelewa. Shangazi amesikia habari za sato, anauliza Reading wanauza wapi asiye wa barafu.

Mtoto wa Mabatini:
Hakuna. Wanaouza ni wa kufugwa, wananuka tope.

Mama wa Pasiansi:
Samaki furu wakavu ninao, nimeletewa juzi. Nitumie adresi faragha, sio hapa.