Mama mzima anasimama mbele ya ubao wangu wa vitafunwa anauliza "chakula cha watu kiko wapi?" MBELE YA MSHENGA

Binti Mninga (mleta uzi)

Wakuu habari za asubuhi, mi kwangu si njema. Sijalala, vyombo vya jana bado vimejaa kwenye sinki, nikishika sahani tu nasikia ile sauti.

Jana nyumbani tulikuwa tunapokea barua ya mdogo wangu wa kike. Wageni 14 kutoka Tanga. Pilau lilikuwepo, naomba mlishike hilo, PILAU LILIKUWEPO, liko jikoni nyuma linapikwa na mama zangu wadogo na lingeiva saa nane. Ila wageni wanafika saa tano, sasa watu wametoka safari unawakalisha masaa matatu na soda moja mkononi wanaangalia ukuta? Nikasema mi ntawaandalia ubao, ule mrefu unatandaza vitu vingi, watu wanadonoa taratibu huku wanazoeana.

Wiki nzima nahangaika na huo ubao. Fundi seremala kanichongea mninga mita moja na robo, nimemkataza vanishi maana chakula kinakaa juu yake moja kwa moja, nikausugua mafuta ya nazi siku tatu mpaka ukawa unang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Korosho nimeagiza kwa mtu Mtwara nimekuja kuzikaanga mwenyewe moto mdogo. Zabibu za Dodoma. Halua ya Wete na ubuyu mwekundu wa Zanzibar vimeshuka na boti siku hiyohiyo. Jibini ya Njombe. Tende, kashata za nazi, kashata za karanga, visheti, sambusa za nyama, katlesi, bagia. Nimeanza kuweka bakuli kwanza, chatne ya nazi, ukwaju, achari ya ndimu, maana bakuli ndio nguzo, vingine vyote vinazizunguka. Nanasi nimelitenga kule mwisho kwa sababu maji yake yakifika kwenye sambusa sambusa inakuwa kitambaa. Jibini nimeitoa kwenye friji nusu saa tu kabla, kwa joto hili la Dar ukiiwahisha inatoka jasho la mafuta. Sambusa nimekaanga gari la wageni likiwa tayari linaegeshwa. Mnaelewa nilivyojipanga au hamuelewi?

Wageni wakakaa. Barua bado iko kwenye kitambaa chake haijafunguliwa. Mshenga, mzee wa watu mstaarabu kabisa, ndo kwanza ananyoosha mkono anachukua kisheti.

Sasa huyu mama. Jina sitaji, mnamjua. Nusu yenu mshakaa naye meza moja. Yule wa mkoba mkubwa wa kahawia, hajawahi kualikwa na hajawahi kukosa. Na yuko UPANDE WETU, sio mgeni. Akasimama. Akauangalia ubao toka mwanzo mpaka mwisho kama anakagua kiwanja. Mkono kiunoni. Akasema kwa sauti ya konda wa Mbagala:

"Haya, chakula cha kasuku tumekiona, chakula cha watu kiko wapi?"

Mshenga akakirudisha kisheti.

Wakuu, AKAKIRUDISHA. Alikuwa amekishika tayari, kiko njiani kuelekea mdomoni, akakirudisha taratibu kwenye ubao kama mtu aliyekutwa anaiba. Chumba kizima kimya, nasikia feni tu. Mama yangu akaangalia chini. Mdogo wangu alikuwa chumbani akasikia, akanitumia meseji "dada kuna nini", nimjibu nini?

Na bado. Baada ya pilau, wageni wanaaga, naingia sebuleni nakuta mkoba umefunguliwa zipu, kopo la aiskrimu la lita mbili limetoka, mama anasukumia korosho kwa kiganja kama anazoa mchanga. Korosho, jibini, halua yote. Sasa kama ni chakula cha kasuku hilo kopo ni la nini? Nyumbani kwake kuna kasuku wangapi, mia nane?

Nashindwa kula nashindwa kulala. Chakula cha kasuku. Mbele ya mshenga.

Kiti Moto cha Plastiki

Pole sana dada. Hapo kwenye kisheti kurudi kwenye ubao nimeumia kama kilikuwa changu.

Mwinyi Msafi

Weka picha ya ubao.

Babu Ndauka

Mleta uzi mi sikufichi, kosa ni lako. Shughuli ya barua mtu anategemea akifika anakuta wali, wewe unamtandazia njugu kwenye mbao. Mambo ya kuiga Instagram haya. Huyo mama kasema wanachowaza wote 14.

Binti Mninga

@Babu Ndauka kuiga NANI? Instagram imeanza 2010, bibi yangu kafa kabla ya hapo na alikuwa akipata mgeni anatoa sinia la shaba, tende, halua, kashata, kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na masikio, mgeni anaonja ndio mazungumzo yanaanza. Nenda Oman leo mpaka kesho mgeni anaanzia kwenye tende na halua na kahawa hajaona hata harufu ya wali. Mi nimebadilisha sinia tu nikaweka mninga. Na hao 14 hawakuwaza hivyo, mshenga alishakishika kisheti!!

Mke wa Nahodha

Huyo mama wa kopo namjua!!! Kwetu alikuja na ndoo ya rangi ile ya lita nne, kaifunika kanga, tukadhani kaleta zawadi. Aliondoka na nusu ya keki na maua ya mezani.

Kiti Moto cha Plastiki

Sio yeye, wa kwetu ana mfuko wa rambo ndani ya mkoba ndani ya mfuko mwingine. Mchuzi anabeba.

Mke wa Nahodha

Ni yeye huyohuyo kabadilisha vifaa.

Fundi Geji

Nyie mna nafuu nyie mlikula hata hizo njugu. Mi nimechanga harusi laki moja, nimesumbuliwa na kamati miezi minne, kila asubuhi jina langu liko kwenye grupu na alama nyekundu kama mtoro. Siku ya siku nimekaa meza ya nyuma karibu na spika, chakula kimefika kwetu ni kachumbari na mfupa. Wa mezani kwangu kaomba maji kaambiwa asubiri ukumbi ufungwe.

Mwinyi Msafi

@Fundi Geji kamati zote ni hizohizo. Mi nilipewa kadi ya "single" nikiwa na mke wangu wa ndoa nimemshika mkono, mlinzi akasema achague nani anaingia.

Binti Mninga

Jamani poleni na harusi lakini mi nazungumzia CHAKULA CHA KASUKU. Mtu kasema mbele ya wakwe. Mdogo wangu anaenda kuishi Tanga na hao watu, kila wakikaa watakumbuka kwao dada yake anafuga kasuku.

Mtoto wa Tandahimba

Mi wa kulekule korosho zinakotoka, naomba niseme. Unalilia korosho zilizoingia koponi, unajua kuibangua? Ganda lile lina mafuta yake meusi, yakigusa kidole yanachoma ngozi inabanduka, bibi yangu alikuwa anajipaka majivu mikononi kabla hajaanza. Korosho moja moja kwa kijiti. Wiki nzima ya mtu halafu Dar mnaita vitafunwa na mwingine anaita chakula cha kasuku. Huyo mama aletwe siku moja tu msimu wa Oktoba akae na bibi.

Binti Mninga

@Mtoto wa Tandahimba asante sana. Wewe peke yako ndo umeniingia moyoni. Na nilizikaanga kwa chumvi ya maji, nimekaa nazo jikoni nageuza kwa mwiko mpaka mkono unauma.

Sista Wodi

Mi sina neno na kasuku ila hizo sambusa za nyama na katlesi zilikaa nje toka saa tano mpaka wageni wanaaga? Kwa joto la Dar vitu vya nyama visizidi masaa mawili mezani, likipanda sana hata saa moja ni nyingi, toa kidogokidogo nyingine zibaki jikoni za moto. Huyo wa kopo kama kabeba na katlesi leo tumbo litamwambia.

Babu Ndauka

Dua la kuku hilo.

Binti Mninga

Sambusa ziliisha dakika ishirini za kwanza alipotoka nje kupiga simu! Watu WALIKULA. Alipokuwa hayupo walikula wakasifia, mshenga kala bagia nne. Kisheti ndo hakukigusa tena mpaka anaondoka, nilikuwa nakiangalia.

Mswahili wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu pole, hapo mlimkosea heshima mgeni kwa kumwacha huyo mama aseme, sisi huku angeshikwa mkono akatolewa uani. Ila swali, hizo bajia mshenga alizila nne ni za viazi?

Kiti Moto cha Plastiki

Bagia za viazi???

Mswahili wa Kisauni

Ehe. Kiazi unakata slesi nyembamba, unachovya kwenye unga wa dengu wenye bizari na dania, unakaanga. Hiyo ndiyo bajia.

Mke wa Nahodha

Hicho ni kiazi kimevaa koti. Bagia ni dengu au kunde zimesagwa.

Mswahili wa Kisauni

Basi na viazi karai navyo mtaviita nini? Huku ukiweka sinia la wageni halina viazi karai na ukwaju na achari ya embe hata kasuku hali.

Binti Mninga

Naomba hilo neno lisitumike kwenye uzi wangu.

Fundi Geji

@Mke wa Nahodha dengu au kunde? Chagua moja. Bagia ya kweli ni ya kunde, za dengu ni za haraka za barabarani.

Mke wa Nahodha

Za kunde zinataka moyo. Unaloweka usiku, asubuhi unazisugua maganda yanaelea unayamwaga, unasaga na kitunguu saumu na pilipili, maji usiongeze maana zikiwa tepetepe zinakunywa mafuta yote.

Mwinyi Msafi

Picha ya ubao bado hatujaona.

Binti Mninga

Sikupiga picha. Nilikuwa naenda kuchukua simu nipige ndo nikasikia ile sauti. Turudi kwenye mada jamani, mshenga amepiga simu sasa hivi anaongea na baba na sijui wanaongea nini.

Mtoto wa Tandahimba

Mke wa Nahodha kwenye kunde unaweka hamira au unapiga tu kwa mkono?

Mke wa Nahodha

Kwa mkono, dakika kumi, upande mmoja usibadilishe. Hamira ya nini?

Fundi Geji

Mama yangu anaweka hamira kidogo.

Mke wa Nahodha

Hamira kwenye bagia za kunde? Kwenu mkoa gani?