Nyumba ya magogo, tofali za kuchoma au fremu ya mbao? Miezi 14 na bado niko gogo la 6

Saiti_Kiwira
Habari zenu wakuu. Mwaka jana mwezi wa 6 nilianza nyumba ya magogo hapa Kiwira, vyumba 2 na sebule, miti ya msindano (paini) nimeitoa Mufindi. Mpaka leo ukuta uko gogo la 6, yaani kifuani kwangu, wakati jirani kaanza mwezi wa 5 mwaka huu na tofali za kuchoma na juzi kapiga lenta. Kila jumamosi naenda, nakaa juu ya maganda naangalia, wiki nyingine limeongezeka gogo moja wiki nyingine hakuna kitu. Halafu fundi ni mzee mtaratibu sana, kila gogo analipitisha msumeno mgongoni ufa wa urefu wote, hapo ndo roho inaniuma naona ananiharibia mali. Mke wangu anasema tumalizie kwa tofali, shemeji anasema tupige fremu ya mbao. Naombeni ushauri kabla mvua za mwezi wa 11 hazijaanza.

Mama_Uyole
Tofali kaka. Mimi nimejenga kwa tofali, nikahamia, maisha yakaendelea. Ila nisikudanganye, mwezi wa 6 na wa 7 tunalala na masweta, kuta zinatunza baridi hatari.

Mnyalu_Mafinga
Kamwene kaka. Kwanza huyo mzee usimfukuze, huo msumeno wa mgongoni ndo unaonyesha anajua kazi. Gogo likikauka lazima lipasuke, sasa yeye analichagulia pa kupasukia, juu, pale ambapo gogo linalofuata litafunika. Asipofanya hivyo litapasuka ubavuni upande wa nje, maji ya mvua yanaingia kwenye ufa yanakaa humo, na mvua ya Rungwe wote tunaijua, Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka.

Pili gogo bichi linanywea unene, urefu karibu haubadiliki. Ukuta wa magogo mabichi unaweza kushuka mpaka sentimita 6 kwa kila mita, kwahiyo juu ya fremu ya mlango wa mita 2 unaacha nafasi ya kama sentimita 12, unaificha kwa ubao. Ukibana bila nafasi, mwakani ukuta unakalia fremu na mlango haufunguki tena. Na nguzo za baraza zenyewe hazishuki, zimesimama, ukuta ukishuka paa linabaki limening'inia kwenye nguzo, ndo maana chini ya kila nguzo inawekwa boliti ya kushusha kidogo kidogo. Ukiona kazi inasimama wiki mbili ujue miti inakauka.

Swali langu: miti ilikuwa na umri gani na maganda yalitolewa lini?

Saiti_Kiwira
Niliambiwa imepita miaka 20. Maganda tulitoa wiki ileile ya kushusha mzigo, mikono ilijaa utomvu hadi tukanawia mafuta ya taa. Magogo matatu tuliyachelewesha na mvua ikayakuta, yamekuwa na rangi ya bluu ndani.

Mnyalu_Mafinga
Hiyo bluu ni ukungu, inaharibu sura zaidi kuliko nguvu, hayo yaweke ndani kwenye kuta za vyumba. Umri uko vizuri. Wengi wanauziwa miti ya miaka 8 au 10, michanga, hiyo inajipinda hujawahi ona.

Kijana_Tukuyu
Shikamoo Mnyalu. Mimi nina fremu ya mbao, ilisimama ndani ya miezi 3. Ni haraka kweli ila mbao nilinunua mbichi, zikapinda nikapigilia upya upande mzima, na usiku mvua ikipiga mnasikia kama mko nje. Kama unaenda fremu nunua mbao zilizokauka na zilizotiwa dawa.

Mama_Uyole
Na mchwa jamani? Mbona hamsemi?

Mnyalu_Mafinga
Dada umenena. Msingi wa mawe upande angalau nusu mita juu ya ardhi, gogo lisiguse udongo popote, na paa litoke nje mita nzima. Oili chafu peke yake usiitegemee, tafuta dawa.

Saiti_Kiwira
Wakuu nimerudi kutoka saiti. Nimekagua gogo moja moja kwa tochi. Yote yaliyopitishwa msumeno yamefungukia palepale mgongoni, ubavu ni msafi kama umepigwa randa. Gogo moja la mwanzo kabisa halikupitishwa, lina ufa upande wa nje kidole kinaingia. Nimemwomba mzee msamaha. Naendelea na magogo, ila jiko na bafu nataka nijenge kwa tofali hukohuko nyuma ili mke wangu apate pa kuanzia. Inawezekana kuunganisha?

Mnyalu_Mafinga
Inawezekana, ila usifunge tofali kwenye ukuta wa magogo, tofali halishuki. Acha nafasi, jaza katani, funika kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Na hilo gogo lenye ufa lizibeni kabla ya mwezi wa 11.