Mjadala: Hazina ya Galloway ibaki Edinburgh au irudi ilikofukuliwa?

Mtoa hoja

Mwaka 2014, huko Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti, mtu mwenye kifaa cha kutambulia madini aligundua hazina iliyofukiwa karibu mwaka 900: zaidi ya kilo 5 za fedha, pamoja na dhahabu, vitambaa na chombo chenye kifuniko. Kwa sheria ya Uskoti, mali ya kale isiyo na mwenyewe ni ya dola, na mwaka 2017 hazina hiyo ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, Edinburgh, kwa sharti la kumlipa mgunduzi pauni milioni 1.98. Wakazi wa Galloway walikuwa wameomba iwekwe Kirkcudbright, mji wao.

Mimi nasimama nao. Tumezoea kuiita hazina ya Waviking, mabaharia wavamizi wa Skandinavia, ilhali kikuku kimojawapo kina maandishi ya runi, herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya, ambayo yamesomwa kuwa yanasema mali hii ni ya jamii, kwa neno lililotumika pia kwa watu wa nyumba ya kitawa. Tazameni na msalaba wa fedha uliokuwamo: mkufu wake umeviringishwa juu yake, kana kwamba umevuliwa shingoni muda si mrefu, na mafundi walipoondoa udongo taratibu kwa mwiba wa nungunungu uliochongwa, walitokea mtu, simba, ng'ombe na tai, alama za Wainjili wanne. Waviking walikata fedha vipande wakaipima kwa mizani ili kulipia; msalaba huu ulifukiwa mzima, na naamini aliyeufukia alikusudia kuurudia.

Mchangiaji

Ndugu mtoa hoja, neno "jamii" halitaji Galloway. Egbert, jina lililochorwa kwenye kikuku kingine, ni jina la Kiingereza cha kale. Chupa ya bilauri yenye jina la Askofu Hyguald yaelekea ilitoka Northumbria, ufalme wa kale wa Waingereza. Na chombo chenye kifuniko kilitengenezwa Uajemi, Iran ya leo. Vitu hivi vilikuwa wasafiri tangu mwanzo. Isitoshe, vitambaa vilivyodumu ardhini zaidi ya miaka 1,000 vinahitaji maabara na wataalamu, na wote wako Edinburgh, ambako kuingia makumbusho ni bure.

Mtoa hoja

Nakushukuru, lakini Northumbria uliyoitaja inaipa nguvu hoja yangu. Katika karne ya 8 Galloway ilikuwa chini ya ufalme huo, na Whithorn, kanisa kongwe la eneo hilo, lilikuwa na maaskofu wenye majina ya Kiingereza. Kwa hiyo Egbert na Hyguald si lazima wawe wageni pale.

Kuhusu vitambaa nakubali kabisa, vibaki maabara. Msalaba na vikuku vyenye runi ni vya madini, na havihitaji uangalizi wa aina hiyo. Mwaka 2021 hazina ilioneshwa kwanza Edinburgh, kisha sehemu yake ikapelekwa Kirkcudbright kwa muda. Ninachodai ni kwamba vitu hivyo vikae Kirkcudbright moja kwa moja, na Edinburgh ndiyo iwe inaviazima.